Jiko Nililolipima kwa Nje

Nimejenga majiko mengi Mandewa, mjini Singida, na mitaa ya jirani, na hata leo ukiniuliza bomba la maji limepita wapi katika jiko la fulani nitakuambia. Jiko moja tu nililipanga kwa kulizunguka nje kama mwizi, nalo ni la mama mkwe wangu, kule Mtinko.

Katika ukoo wa mke wangu heshima ya ukwe haina mzaha. Mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake, hakai naye mkeka mmoja, na jikoni kwake hatii mguu maadamu moto unawaka. Siku hizi naona vijana kwenye harusi wamekumbatiana na mama wakwe zao, wanapigwa picha, wanacheka. Mimi nikiona hivyo naangalia pembeni. Nimeoa miaka mingi, na mpaka mwaka nilipolijenga jiko hilo nilikuwa sijawahi kumwona mama yule usoni sawasawa. Nilimjua kwa sauti, kwa kitenge alichojitanda kichwani, na kwa mgongo wake akiwa anaondoka.

Mke wangu ndiye aliyeanzisha habari ya jiko. Mama yake alikuwa mjane, anakaa peke yake, na kifua kilikuwa kimemharibika kwa moshi wa kuni. Kila tukienda kumsalimia tulimsikia anakohoa tangu tuko barabarani. Mke wangu akamnunulia jiko la mkaa na gunia la mkaa, akamkataza kuni. Kikohozi kikapungua. Tukafurahi. Kisha mke wangu akanigeukia mimi: fundi gani huyu anawawekea watu baki sinki na marumaru, na mama mkwe wake anaosha vyombo kwenye beseni huku amechuchumaa? Ukitaka kumpata mwanaume, mguse ufundi wake. Nikasema jiko la mama litakuwa la kwanza kwa uzuri Mtinko nzima.

Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, cha peke yake, nyuma ya nyumba kubwa. Marehemu baba mkwe alikuwa amelijenga vizuri, mlango mmoja wa mbao, kidirisha kimoja, na chini ya paa matundu ya hewa pande zote mbili. Nikaanza kulipima. Mimi niko nje na futi yangu, mke wangu yuko ndani na futi nyingine, tunasemezana kwa kupitia ukuta. Yeye na futi ni maji na mafuta. Akisoma kipimo naambiwa kitu kinachofanya jiko liwe refu kuliko nyumba. Nikawa napima ukuta kwa nje, natoa unene wa tofali, ndipo napata ndani.

Na mama mwenyewe alikuwa humo humo ndani, kwenye kigoda chake, anaendelea na kazi. Hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Alikuwa anamwambia binti yake kwa sauti inayonifikia vizuri, na binti yake ananirudia neno kwa neno kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie mkwe wangu, hiyo meza anayosema, ugali atausonga nani hapo juu? Twiga?"

"Mama anasema meza ni ndefu."

"Nimesikia!"

"Mama, amesikia."

Nilikasirika, lakini mama alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimechora kaunta kama za mjini, za mtu kusimama. Mama yule alipika amekaa. Ugali wa uwele ni mzito, sufuria inataka kubanwa chini, mtu aegemee mwiko kwa mwili wote, na huwezi kufanya hivyo umesimama mbele ya jiko la kaunta. Nikamwomba mke wangu anieleze mama yake anavyofanya kazi. Akasema, akiwa kwenye kigoda, akinyoosha mkono wa kulia anapata chumvi na unga, wa kushoto anapata maji, na mbele yake ni moto. Hainuki mpaka chakula kimeiva. Nikatupa mchoro wa kwanza. Nikachora jukwaa la chini la kupikia, rafu za kufikiwa na mtu aliyekaa, sinki la chini pembeni, na dohani ya kutoa hewa juu. Nilikuwa naipenda ile kazi, nasema kweli. Nilikuwa napanga jiko la mtu nisiyemjua sura, na nilikuwa najua urefu wa mkono wake.

Siku ile ya kwanza, nikiwa nazunguka, niliona matundu ya hewa ya upande wa mashariki yamezibwa. Kila tundu lilikuwa limekabwa kipande cha kiroba. Sikushangaa sana. Mwezi wa sita ulikuwa umeingia, na mtu wa Singida haelezwi upepo ni nini. Upepo ule unatoka mashariki kutwa nzima, unabeba vumbi, unapuliza majivu kwenye unga, na ubaridi wake unaingia mpaka kwenye mifupa ya wazee. Nikaandika kwenye mchoro: matundu ya mashariki, tafuta namna.

Tulipokwenda tena, matundu ya magharibi nayo yalikuwa yamezibwa.

Nikasimama pale nje nikiyatazama. Upande ule upepo haupigi. Nikamwita mke wangu, nikamwambia amuulize mama yake kwa nini. Hakukuwa na haja ya kuuliza, mama alikuwa ameshanisikia.

"Mwambie mkwe wangu, matundu yalikuwa ya moshi. Mkaa hauna moshi. Sasa matundu ya nini, ya kunigandisha? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mke wangu akacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana methali ilikuwa imenipiga vizuri, na mimi ndiye mjenga ukuta. Lakini kicheko hakikushuka tumboni. Maisha yake yote mama yule alikuwa amefundishwa na moshi. Moshi ukizidi, macho yanawasha, unafungua mlango. Sisi tulikuwa tumemwondolea moshi na hatukumwambia kilichobaki ni nini: sumu ya mkaa, isiyo na harufu. Hata mimi nilikuwa nakijua kwa kusikia tu, habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi wamekufa. Lakini hao walilala. Yeye alikuwa anapika, mchana, mlango karibu. Nikajiambia namna hiyo, tukarudi mjini.

Wiki iliyofuata mke wangu alipigiwa simu na mama yake. Kuku wawili waliokuwa wanaatamia ndani ya jiko, kwenye kona, walikuwa wamekufa. "Kideri," akasema mke wangu, akaendelea kukata vitunguu. Kwetu kuku akifa hiyo ndiyo hukumu, hakuna rufaa. Mimi nilikuwa nakula. Nikauliza, kuku wa jirani je? Akasema hakutaja. Nikamwambia apige tena aulize. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini akapiga. Kuku wa jirani walikuwa wazima. Hata kuku wengine wa mama, waliokuwa wanalala kwenye banda nje, walikuwa wazima. Wale wawili walikutwa wamelala juu ya mayai yao, shingo zimenyooka, hakuna hata aliyeharisha.

Kideri ninakijua. Kikipita kijijini hakichagui banda, na kuku anapinda shingo na kuharisha kijani kabla hajafa. Chakula kilinishinda siku hiyo. Nilimwambia mke wangu, "Kilichowaua kuku hao kiko jikoni, na mama yako anakaa nacho humo." Akasema nisimwombee mama yake mabaya.

Baada ya hapo kila habari iliyotoka Mtinko niliisikia kwa sikio jingine. Mama anaumwa kichwa: presha. Mama anasikia kichefuchefu akipika: huenda malaria. Mke wangu alikwenda peke yake katikati ya wiki, akarudi akisimulia, kama kichekesho, kwamba alimkuta mama amesinzia kwenye kigoda na mwiko mkononi, saa nne asubuhi, ugali unaungua. "Uzee huo," akasema. Akajaribu kucheka, akaacha.

"Ulimwambia azibue matundu?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Akakusanya vyombo. Kisha akasema, "Nilimwambia mkwe wako anasema matundu ni mazuri."

Nilipiga meza. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Ujumbe wangu ulikuwa kwamba utakufa, na ulipofika Mtinko ukawa kwamba matundu ni mazuri. Lakini mwanamke gani atamwambia mama yake, mkweo anasema utakufa? Kwao hilo ni kama kumlaani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nimeshika fimbo ndefu kuliko zote.

Jumapili nilikwenda mwenyewe. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko na nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: nilipaza sauti kumsemesha mama mkwe wangu. "Shikamoo mama. Mama, mkaa unaua bila moshi. Ndio uliowaua kuku. Nakuomba toa hivyo viroba." Niliusikia upepo ukipiga bati. Mke wangu alikuwa amejishika mdomo.

Baada ya muda sauti ikatoka, ya chini sana. "Mwambie mkwe wangu nimesikia."

Kabla hatujaondoka niliona mkono unatoka ndani na kuvuta kiroba kwenye tundu moja. Tundu moja tu, la magharibi. Nilishukuru kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nikamwambia mke wangu sitangoja tena pesa za mavuno ya alizeti kama tulivyopanga, naanza kujenga wiki hiyo hiyo. Mama atahamia kwetu Mandewa kwa muda, jiko lizimwe, na moto ukishazimwa lile ni chumba tu kama chumba kingine, naweza kuingia na kuvunja nitakavyo.

Asubuhi tuliyokwenda kumchukua ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Tulifika na pikapu ya saruji na mchanga, dereva akashusha, akageuza, akaondoka. Mke wangu akaona ndoo za mama ni tupu, akasema anachota maji kwanza bombani, ya kuanzia kazi. Mimi nikaenda nyuma kuangalia matundu. Lile tundu moja lilikuwa limezibwa tena. Na chini ya mlango palikuwa pamekabwa gunia.

Nilisikia sufuria ikianguka. Kisha kitu kizito, bila kelele nyingi.

Nikakimbilia mlangoni. Ulikuwa umerudishwa tu, haujafungwa, na kwenye upenyo niliona mkono umelala sakafuni, na kitenge kikiwa mbali na mkono.

"Mama! Hodi, mama!"

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayetoka usingizini.

"Ni mimi, mama. Mkweo. Umeanguka?"

Mkono ukasogea. Nilidhani unatafuta pa kushika ainuke. Haukuwa unatafuta hivyo. Ulishika ukingo wa mlango, ukausukuma ukafunga, na mara nikasikia chuma kikiteleza. Palikuwa na komeo chini kabisa ya mlango, alilolitumia ili upepo usiufungue akiwa amekaa anapika. Mtu asiyeweza kusimama alikuwa bado anaweza kulifikia.

"Usiingie, baba," akasema. "Sina nguo kichwani. Mwite binti yangu."

Nilimwita binti yake kwa sauti yangu yote huku napiga teke mlango. Sikungoja. Nataka hilo lijulikane, maana wapo wachache wanaojua ukweli, nao walisema baadaye kwamba ningeweza kungoja, bomba haliko mbali. Nilipiga teke chini, pale kwenye komeo, mpaka skrubu zikang'oka, nikausukuma mlango pamoja na yeye aliyekuwa nyuma yake.

Ndani palikuwa na joto zuri. Hapakuwa na moshi wala harufu, na mkaa ulikuwa umewaka mwekundu safi kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, uzuri wa ule moto. Nilimkamata mama chini ya makwapa. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa saruji. Kichwa chake kiliniangukia kifuani, nywele nyeupe, fupi, na macho yamefumba. Nilimtoa nje, nikamlaza kwenye upepo ule ule alioukimbia, nikamfunika kichwa na koti langu.

Mke wangu alifika akikimbia na mama jirani nyuma yake. Akapiga magoti, akaweka sikio puani kwa mama yake. "Anapumua," akasema. Kisha akaniinulia uso, na swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Amekuona?"

"Amezimia."

"Basi nenda mbele ya nyumba. Chukua koti lako. Hukuwa hapa."

Nilitaka kugomba. Nilimwona mama jirani ameshavua kanga yake anamfunika, haniangalii, kana kwamba mimi ni mti. Nikaokota koti nikaenda mbele ya nyumba, nikatafuta gari kwa simu, na gari lilipokuja nilikaa mbele na dereva, sikugeuka nyuma njia nzima mpaka mjini.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari aliuliza swali moja tu, anapikia nini, akatikisa kichwa. Akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunapanga mambo mengine. Alipozinduka na akili kumrudia, mama aliuliza ni nani aliyemtoa. Mama jirani akaapa kuwa ni yeye na binti yake, kwamba mkwe alikimbia kuwaita, na wao ndio waliovunja mlango. Mke wangu alinisimulia akiwa nje ya wodi, analia na kucheka pamoja. Mama alikuwa ameinua mikono akamshukuru Mungu. Halafu alikuwa amesema, "Angeingia yule akanikuta kichwa wazi, ningeomba mnirudishe ndani mfunge mlango."

Hakuwa anatania. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi, nikitafuta mahali penye utani, sijapaona. Niliumia. Mtu unamtoa kaburini, na anamshukuru Mungu kwamba si wewe.

Akiwa amelala kwetu Mandewa anapata nafuu, mimi nikihamia kwa rafiki yangu ili awe huru ndani ya nyumba, nilikwenda Mtinko nikajenga. Nilibomoa ukuta wa magharibi wote juu ya kiuno, nikaweka matofali ya matundu kutoka pembe hadi pembe, mengi mno kuzibwa na viroba vya kijiji kizima. Upande wa mashariki nikaufunga kabisa, upepo usiwe na pa kuingilia. Jukwaa la chini, rafu za mkono wa kulia, sinki la mkono wa kushoto, dohani juu ya moto. Nilikaa kwenye kigoda chake katikati ya chumba, nikanyoosha mikono, nikakuta kila kitu kinafika. Mlango mpya nikauwekea kitasa cha nje tu. Komeo la ndani sikuweka, na hilo sikumwambia mtu.

Aliporudi, alitembea humo ndani muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama nje, mahali pangu.

"Mwambie mkwe wangu amefanya kazi ya mtoto wa kuzaa," akamwambia binti yake. Sauti ilikuwa imejaa. Kisha akasema, "Mwambie amesahau komeo."

"Mama anasema komeo."

Nikasema nitaleta safari nyingine. Safari nyingine nikasema dukani yameisha. Safari iliyofuata aliuliza tena, kwa upole ule ule, nikasema mlango huu ni mzito, upepo hauuwezi. Hakubishana. Alisema tu, "Mwambie mkwe wangu asante."

Mwaka huu upepo umeanza mapema. Wiki iliyopita nilipita Mtinko nikitoka kazini, peke yangu, nimembebea mama sukari. Niliiweka kwenye baraza ya nyumba kubwa, nikazunguka nyuma kusalimia. Matofali ya matundu yalikuwa wazi yote, nikafurahi. Nikausogelea mlango wa jiko. Chini kabisa, kwenye mbao niliyoipiga randa kwa mkono wangu, palikuwa na ncha nne mpya za skrubu zimetokeza kwa nje. Fundi wa kijijini aliyemwekea komeo alikuwa ametumia skrubu ndefu mno. Niliinama nikazigusa.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Mkweo. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu sana. Subiri hapo hapo," akasema, na nikasikia chuma kikiteleza.

Ugali ulikuwa motoni. Nilikaa pale nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo ukutani, na sikuondoka. Nilikuwa nasikiliza kama bado anasonga.